Kondoo Chini ya Chanja ya Samaki

Kamina, Jumapili, baada ya misa

Ngoie mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga mama yako wa ubatizo, na gauni lako la kesho bado linakauka kwenye kamba. Nkambo, bibi yetu, amekuambia usirudi kabla jua halijapungua, kwa hiyo nina mchana wote wa kukuandikia. Kesho asubuhi kamyo la muhogo litakupeleka Kabongo kwa tata yako, baba aliyekuzaa, wewe na Sukari na wanakondoo wake wawili.

Huko labda watakuuliza mama gani huyu wa miaka kumi na saba anayemwita "mwanangu" mtoto wa miaka kumi na mmoja. Waambie kwamba mdogo wa mama ni mama, wala mimi sikuchagua jina hilo. Nilipewa siku tuliyomzika dada yangu, mimi nikiwa na miaka kumi. Walikuweka mgongoni mwangu, wakafunga kitenge, nkambo akasema, "Haya, huyu wako." Ulikuwa mzito. Ulinishika nywele mpaka makaburini na mpaka tuliporudi.

Mambo ya sabuni, ya kufunika chakula na ya kumsalimu mke wa tata yako kwa magoti sitakuandikia. Nkambo amekuambia hayo yote tangu Jumatano, na mengine amekuambia mara tatu. Mimi nataka kukuandikia juu ya kondoo. Utasema, "Mama mdogo, kondoo tena?" Ndiyo, kondoo tena. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Unakumbuka barua ya tata yako iliyokuja wiki mbili zilizopita. Niliisoma kwa sauti kwa sababu mimi ndiye msomaji wa nyumba hii. Aliandika kwamba amekujengea kitanda, kwamba zizi liko tayari nyuma ya nyumba, kisha akaandika: "Kondoo waje, lakini tutatafuta mtu mwingine wa kuwalinda, siyo yule aliyemuua wa kwanza." Alikuwa anatania. Nkambo alicheka, mama Mujinga jirani yetu naye akacheka. Nawe ulicheka, lakini ulicheka umefunga midomo. Mimi niliendelea kusoma salamu mpaka mwisho kama mtu asiyesikia anachokisoma.

Tangu siku ile sijalala vizuri.

Nianze mbali kidogo. Siku ulipozaliwa nkambo alimpa dada yangu kondoo jike. Alikuwa mweupe, na mashavu yake meusi. Baba yake alikuwa dume wa misheni, mmoja wa wale walioletwa na mapadri kutoka kusini, wenye manyoya mengi kama blanketi. Ndiyo maana kondoo wetu hawafanani na wa watu wengine wa hapa. Wa wengine wana manyoya mafupi kama ya mbuzi. Mvua ikinyesha wanajikung'uta, basi wamekauka. Wa kwetu wanakaa na maji mwilini siku mbili, tatu. Watu wanawasifu kwa uzuri wao. Uzuri huo una kazi yake, na mimi sikuijua.

Dada yangu alipofariki, kondoo yule akabaki kwetu, na kila mtu alisema, "Huyu ni wa Ngoie." Nilipofika miaka kumi na miwili nkambo alinikabidhi. Wewe ulikuwa na sita.

Unajua kazi ya nkambo. Samaki wanatoka Bukama kwa gari la moshi, ndani ya vikapu, nusu wabichi nusu wakavu, na sisi tunawamalizia hapa juu ya chanja, kwa moto wa kuni mbichi zenye moshi mwingi. Mwaka ule mvua zilianza mapema na nzi walikuwa wengi. Walimsumbua kondoo machoni na mkiani. Mimi nikawaza: mbona penye moshi hakuna nzi? Mbona samaki wa nkambo hawaguswi? Nikafikiri nimegundua jambo kubwa ambalo wakubwa hawakuliona. Kila mchana, nkambo alipokuwa sokoni, nilimtoa kondoo zizini nikamfunga chini ya chanja. Sikumuuliza mtu. Nilitaka siku moja nkambo aone mwenyewe kwamba kondoo wake hana nzi, aulize nani amefanya hivyo, na mtu mwingine amjibu kwamba ni Numbi. Mimi mwenyewe nisingeweza kusema. Unanijua.

Siku za kwanza ilikuwa kama nilivyowaza. Moshi ulipanda, nzi wakakimbia, kondoo akalala akitafuna. Lakini samaki aliye juu ya moto anatoa jasho. Maji yake ya chumvi na mafuta yalidondoka, na yalidondokea mgongoni mwa kondoo, karibu na mkia, mahali manyoya yalipokuwa mazito zaidi. Niliyaona yakidondoka. Nikasema moyoni, ni mafuta tu, yatampendezesha manyoya.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Moto ukazimika. Moshi ukaondoka, na yale maji ya samaki yakabaki mgongoni, ndani ya manyoya yaliyolowa. Sasa najua kwamba nzi wakubwa wale, wenye mgongo wa kijani unaong'aa, hawatafuti kitu kingine zaidi ya hicho: joto, unyevu na harufu. Wanataga mayai yao hapo. Kesho yake yameanguliwa, na funza hawangojei kondoo afe. Wanamla akiwa hai.

Dalili nilizipata zote, na ndizo nataka uzijue kama unavyojua uso wangu. Siku ya kwanza alikuwa anapiga mguu wa nyuma chini, anapiga tena, kama mtu anayekanyaga siafu. Aligeuza shingo kujing'ata mkiani. Mkia haukutulia. Siku ya pili alisimama peke yake kwenye pembe ya zizi, kichwa chini, hakutafuna. Manyoya ya mgongoni yalikuwa na doa jeusi, bichi, ingawa jua lilikuwa limetoka. Na alinuka.

Hapo ndipo kosa langu lilipojificha, Ngoie. Kondoo wa mtu mwingine akinuka, mtu anajua. Wa kwetu alinuka, nami nikasema ni samaki. Nyumba yetu yote inanuka samaki. Nguo zetu za kanisani zinanuka samaki. Nilivuta harufu ile kwa pua yangu na nikajua kwamba ina kitu kingine ndani, kitu kama nyama iliyosahauliwa sufuriani, lakini nikaona ni rahisi kusema ni samaki.

Siku ya tatu nilifunua manyoya kwa vidole viwili. Walikuwa wengi, weupe, wamebanana, na walikuwa wanatembea wote pamoja. Ngozi chini yao ilikuwa nyekundu kama ulimi. Nilirudisha manyoya mahali pake kama mtu anayefunika sufuria.

Nilikwenda kwa nkambo. Alikuwa na wanunuzi wawili mlangoni, wanawake wa mafundi wa reli, wenye viatu. Nilisimama kando.

"Weye Numbi, unataka nini?"

"Nkambo…"

"Sema. Hawa bamama hawakuli."

Wanawake wakacheka, wakaniangalia. Ningepaswa kusema neno "funza" mbele ya watu wanaonunua samaki. Ningepaswa kusema nilimfunga kondoo chini ya samaki hao hao wanaowashika mikononi. Uso wangu uliwaka moto.

"Hakuna kitu, nkambo."

"Kama hakuna kitu, lete maji."

Nikaleta maji. Siku ile ningesema, kondoo angepona. Najua hivyo sasa, kwa sababu tangu hapo nimewaona wabaya kuliko yeye wakipona. Siku ya nne sikusema kwa sababu sikusema siku ya tatu. Haya ina tabia hiyo. Inakudai leo kidogo, kesho inakudai zaidi kwa sababu ya jana.

Siku ya tano nkambo alimkuta amelala ubavu, anapumua haraka, na mwanakondoo wake anamsukuma kiwele. Jioni alikuwa amekufa.

Sasa nakuja kwenye sehemu yako, ambayo labda unaikumbuka na labda unakumbuka tu jinsi walivyokusimulia. Wiki ile ile wewe ulifungua zizi kumpelekea kondoo majani ya karanga. Akatoka mbio, akajikwaruza paja kwenye miti ya ua. Ilikuwa alama ndogo. Niliiona mimi, ilikuwa paja la kushoto, na ilikauka siku ya pili. Haikuwa na nzi hata mmoja. Funza walianzia mgongoni, juu ya mkia, pale pale palipodondokewa na samaki.

Lakini nkambo alipouliza, "Nani amemfanya kondoo hivi?" mama Mujinga alikuwa wa kwanza kujibu kutoka upande wa pili wa ua.

"Si ule mutoto wenu? Juzi alifungua zizi, kondoo akapita ku miti, akajikata. Minyi mwenyewe niliona."

Nkambo akakugeukia. "Ngoie, ulifungua?"

"Ndiyo, nkambo. Nilimupelekea majani ya karanga."

Ulikuwa na miaka sita na ulisema kweli yote uliyokuwa nayo, bila kuficha hata majani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama nyuma yako, na kweli yangu ilikuwa kubwa kuliko yako. Sikusema. Nkambo akakupiga, akasema, "Basi njo weye umeua kondoo wa mama yako." Hukulia pale. Ulilia usiku, umelaza mguu wako juu yangu kama kawaida, na mimi ndiye niliyekubembeleza. Ukaniuliza, "Mama mdogo, mama atakasirika huko aliko?" Nikakujibu, "Lala." Hilo ndilo jibu nililokupa.

Mwaka mzima watoto wa jirani walikuita wakikuona njiani: "Ngoie, usimuangalie mbuzi wetu, atakufa." Hukuruhusiwa tena kuingia zizini. Ulikuwa unakaa kwenye jiwe, mbali kidogo, unawapa kondoo majina kutoka huko huko. Yule mwanakondoo aliyebaki ulimwita Sukari kwa sababu alilamba vidole vyangu nilipomnywesha maziwa ya mbuzi. Mimi nilisifiwa. Nkambo aliwaambia wageni, "Numbi njo ana mukono ya kondoo." Kila sifa niliyopata ilikuwa imetoka kwako, na nilizipokea kwa macho chini, na watu wakasema ona alivyo na adabu.

Sitaki uhurumie miaka yangu kumi na miwili. Kwa mwaka ule wa kwanza, labda. Lakini nilikuwa na kumi na mitatu, na kumi na minne, na kumi na mitano, na sikusema.

Nilichofanya badala yake ni kujifunza. Nilifikiri nikijua vya kutosha, na kondoo mwingine asife, jambo lile litajifuta lenyewe. Mvua zilizofuata nilikwenda misheni kumtafuta Kasongo, mlinzi wa kondoo wa mapadri. Nilifika asubuhi, nikashika miti ya ua, nikasimama. Alinipita mara nne na ndoo zake. Mara ya tano akasimama.

"Weye mutoto, umekuja kutusaidia kushika lupango isianguke?"

"Hapana, tata."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Aliweka ndoo chini.

"Iko mgonjwa kwenu? Muntu ao kondoo?"

"Kondoo. Siyo mgonjwa. Bado. Nataka kujua nzi."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Unataka kujua nzi. Sikia, nzi haiko na haya. Weye njo uko na haya. Sasa mukishindana, nani atapata kondoo?"

Lakini alinifungulia mlango. Mengi uliyoona nikiyafanya tangu hapo yametoka kwake, na wewe uliyaona kutoka kwenye jiwe lako tu. Wiki hii nilikuwa nakuita zizini, ukasema, "Nkambo hajakubali," ukabaki pale pale. Kwa hiyo nakuandikia, ili mikono yako ijue kabla haijafika Kabongo.

Kasongo hakuanza na dawa. Alinipa mkasi wa zamani, akanionyesha kukata manyoya yote kuzunguka mkia na nyuma ya mapaja, kabla mvua hazijaanza, mpaka mavi yadondoke chini bila kushika kitu. Kondoo anabaki kama amevaa kaptula fupi, watu watacheka, waache wacheke. Mvua zinapoanza na majani mapya yanapotoka, kondoo wanakula kwa pupa na matumbo yanaharibika. Siku hizo usiwaachie majani mabichi tangu asubuhi. Wape kwanza makavu. Mwenye kuharisha mwoshe, mkaushe, mkate tena manyoya pale palipochafuka.

Kila siku, Ngoie, kila siku ya mvua, shika kila mmoja. Kumtazama tu hakutoshi. Tia vidole ndani ya manyoya ya mgongo, inua mkia, nusa vidole vyako. Una watatu tu, hutamaliza hata muda wa kuchemsha maji. Mwenye kondoo mia moja anaweza kusema sikumuona mmoja. Sisi wenye watatu hatuna maneno hayo.

Nilikosea mara ya pili kwa wanakondoo. Mwaka juzi nilitoboa sikio la dume mdogo kumtia alama, katikati ya mvua, kwa sababu watoto wa mama Mujinga walikuwa wanasema ni wao. Siku tatu baadaye sikio lilikuwa na funza. Alama, kuhasi, kila jambo la kisu lingoje kiangazi, wakati wa vumbi na baridi ya asubuhi, nzi wanapokuwa wachache. Kitovu cha mwanakondoo hakiwezi kungoja, hicho kitie dawa siku ile ile. Na kondoo aliyezaa, mwoshe nyuma, na kondo la nyuma ulifukie chini sana, mbali na nyumba. Matumbo ya samaki pia. Huko Kabongo labda hakuna chanja, lakini kuna kuku waliokufa na kuna mifupa. Nzi anazaliwa mahali fulani kabla hajafika kwa kondoo wako.

Na ukiwakuta? Maana siku moja utawakuta, hata ukifanya yote. Usirudishe manyoya mahali pake. Kata kuzunguka, endelea kukata mpaka uone ngozi nyeupe kavu pande zote, kwa sababu funza wanatembea chini ya manyoya mazima mahali usipopadhania. Watoe wote, watie kwenye maji ya moto. Usiwaangushe chini, wakiingia udongoni watarudi wakiwa nzi. Osha kidonda kwa maji ya chumvi. Kasongo alinipa chupa ya kreolini, ile dawa nyeusi inayogeuka nyeupe ndani ya maji. Nimeifunga ndani ya kikapu chako, ni kidogo tu kwa maji mengi, ikiwa kali itamchoma. Mweke kivulini. Kesho yake mwangalie tena, na kesho kutwa tena, kwa maana mayai uliyoyaacha hayatakuambia.

Sukari mwenyewe alipatwa mwaka jana, baada ya kuzaa. Unakumbuka nilivyotoka mbio jikoni nikiita, na nkambo akadhani nyumba inaungua? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno lile mbele ya wanunuzi. Nilisema, "Nkambo, kondoo iko na funza, nipe mkasi." Mnunuzi mmoja alirudisha samaki wake kikapuni, akaenda zake. Nkambo alinipa mkasi. Sukari alikuwa anakula majani baada ya siku mbili. Siku ile nilijua kwa hakika kwamba kondoo wa mama yako angeweza kuishi, na kwamba kilichomuua hakikuwa paja wala majani yako ya karanga.

Nilimuua mimi, kwanza kwa samaki na halafu kwa kunyamaza. Wewe hukufanya neno lolote ila kumpelekea chakula.

Nilitaka kumalizia hapo, mwanangu. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii, kuiweka ndani ya kitambaa cha nguo zako, chini, uikute Kabongo. Nilitia nukta, nikaanza kukunja. Kisha nikasikia nkambo uani anamwambia mama Mujinga, "Tata yake atamutafutia mulinzi, ule mutoto hana mukono." Nikaona kwamba hata barua hii ilikuwa namna nyingine ya kujificha. Wewe ungeijua kweli huko, peke yako, na nyumba mbili zingeendelea kusema uongo juu yako.

Nimetoka nje. Mama Mujinga alikuwa ameshaondoka. Nkambo alikuwa anafunga samaki wako wa safari kwenye majani. Nimemwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaanza. Nimemwambia chanja, maji ya samaki, siku ya tatu, wanawake wenye viatu. Hakuacha kufunga. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Ya minyi?"

"Ya wewe, ya wale bamama, ya kila kitu."

"Na masista walikufundisha miaka sita. Walikufundisha nini?"

Alichukua samaki mwingine, akamweka juu ya majani bila kumfunga.

"Nilimupiga ule mutoto."

"Ndiyo, nkambo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ulihesabu."

"Nilihesabu."

Alipangusa mikono kwenye kitenge. Nilifikiri sasa ni zamu yangu, nikangoja. Hakunipiga. Akasema, "Leta karatasi ingine, ya tata yake," nami nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, hata nilipotaka kulainisha: "Kondoo wanakuja na mwenye kondoo. Yeye njo atawalinda, usitafute muntu mwingine. Yule wa kwanza aliuawa hapa kwetu na Numbi aliyenyamaza, na mimi niliyepiga bila kuuliza vizuri. Usimtanie tena." Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia niandike jina langu chini, kubwa. Nimeliandika kubwa. Dereva wa kamyo ataipeleka mkononi mwake.

"Na hii ingine uliyoandika muchana kutwa?"

"Ni ya Ngoie. Ataisoma njiani."

"Njiani? Juu ya magunia ya muhogo, na kondoo watatu, na dereva anaimba? Akilia, nani atamupangusa? Hapana. Utamusomea hapa, na minyi nisikie. Halafu niko na yangu ya kumuambia."

Kwa hiyo barua hii haitakwenda Kabongo kabla haijatoka kinywani mwangu. Nkambo ameweka viti vitatu uani. Naona kivuli cha ua kimeshafika zizini, na nasikia mlango wa mbele, na wewe unauliza kama nimekula. Hujui kitu bado. Unaweza kukasirika, Ngoie, una haki, na ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga sitakuwa na neno. Lakini ukikubali, tukimaliza kusoma tutaingia zizini wote wawili kabla ya giza, utatia vidole vyako mwenyewe mgongoni mwa Sukari, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye jiwe.

Natoka sasa. Sauti yangu ni ndogo, unaijua. Usogeze kiti chako karibu.

Mama yako mdogo,
Numbi